Barua ya wazi kuhusu MV Liemba: someni daftari kabla ya kukata bamba

Kigoma

Kwa Waheshimiwa mliokabidhiwa dhamana ya usafiri wa majini na ya malikale nchini Tanzania,

YAH: HISTORIA YA UTUMISHI YA MELI YA MV LIEMBA NA UKARABATI WAKE

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tunawaandikia hadharani kwa kuwa njia ya faragha tumeimaliza. Barua zetu za awali ziligongwa mhuri wa "imepokelewa" na safari yake ikaishia hapo. Tulipofuatilia kwa miguu tuliambiwa jambo liko mezani. Meza ya nani, hatukuambiwa. Hatuna ugomvi na mtu. Dai letu ni moja, na mengine yote humu yanalizunguka: kabla bamba jingine halijakatwa kwenye ubavu wa Liemba, meli kongwe ya abiria ya Ziwa Tanganyika, historia yake ya utumishi ikusanywe mahali pamoja. Kila tarehe, kila kazi, kila kipande kilichotolewa na kilichowekwa tangu 1913, viingie kwenye daftari moja, na daftari hilo lisomwe na yeyote anayetaka. Wapo watakaodhani tunaomba pambo la makumbusho. Wasome hoja ya pili kwanza, kisha warudi juu.

1. Meli inajulikana kwa sifa, haijulikani kwa tarehe

Kila anayeizungumzia Liemba husema ni kongwe, akanyamaza. Basi tuanze na yale yasiyo na shaka.

Ilijengwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, ikapewa jina la Graf von Götzen, yule gavana aliyekuwa madarakani wakati wa Vita vya Majimaji. (Tungependa jina hilo lisitajwe kamwe bila kutaja vita hivyo.) Ikakamilishwa kule, ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye makasha yanayokadiriwa kuwa 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa Reli ya Kati hadi Kigoma, ambako reli ilifika mwanzoni mwa 1914. Mafundi watatu wa Papenburg, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, walisimamia kuiunganisha tena. Wenyeji waliobeba, walionyanyua na waliopiga ribiti (misumari minene ya chuma inayounganisha mabamba) hutajwa kwa jumla tu, kama vile meli ilijengwa na watu watatu.

Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915, ikaanza kazi Juni mwaka huo, vita vikiwa tayari vimewaka. Kazi yake kubwa ilikuwa kusafirisha askari na shehena kati ya Kigoma na Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo. Ilifungwa mzinga wa sentimita 10.5 uliotoka kwenye manowari Königsberg, ile iliyoishia katika delta ya Rufiji Julai 1915. Baadaye mzinga ukang'olewa ukapelekwa kwa jeshi la nchi kavu. Tarehe 26 Julai 1916, Wabelgiji wakiikaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha walizipaka injini grisi nzito. Hapa pana kosa linalorudiwa kila mwaka hadi kwenye hotuba: kwamba ilizamishwa na Waingereza vitani. Boti za Kiingereza Mimi na Toutou ziliikamata meli ya Kijerumani Kingani, kisha Mimi na hiyo Kingani, iliyopewa jina la Fifi, zikaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Na Götzen hazikupigana.

Wabelgiji waliiinua baada ya vita, nayo ikazama tena ikiwa Kigoma. Waingereza wakaiinua tarehe 16 Machi 1924, wakakuta injini na boila bado zinafaa, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alilikuta likitumika upande wa kusini wa ziwa mwaka 1867. Ilikwenda kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ikabadilishwa kuwa ya dizeli. Mwaka 1993 ikafanyiwa ukarabati mkubwa kwa fedha za Denmark. Mwaka 1997 ilirudisha kwao wakimbizi wa Kikongo zaidi ya 75,000 chini ya UNHCR, na mwaka 2015 ikawabeba Warundi waliokimbilia Kagunga hadi Kigoma.

Simulizi inafurahisha, ila fundi haimtoshi. Fundi anauliza: mwaka 1924 hadi 1927 yalibadilishwa mabamba gani, upande upi, kati ya taruma (ubavu wa kiunzi cha meli) lipi na lipi? Boila zilipotolewa, zilipita wapi? Sitaha ilikatwa, au ubavu ulifunguliwa? Vile viambaza visivyopitisha maji vilitobolewa matundu mangapi kupitisha mabomba na nyaya za dizeli, na je, yale ya zamani ya mabomba ya mvuke yalizibwa kwa bamba au kwa saruji? Mwaka 1993 nani alipima unene wa bamba, na vipimo viko wapi? Kumbukumbu za meli hii zimetawanyika Ujerumani, Uingereza, Denmark na kwenye makabati ya hapa nyumbani, na hakuna aliyepewa kazi ya kuzikusanya.

2. Bila historia, kipimo cha bamba hakina maana

Hii ndiyo hoja yetu kubwa, nasi tunaomba Waheshimiwa muisome pamoja na wahandisi wenu.

Uchakavu wa bamba la meli hupimwa kwa kifaa cha mawimbi ya sauti. Fundi hukwangua rangi na kutu, hupaka jeli, hugusisha kichwa cha kifaa, na namba hutokea: tuseme milimita 7. Namba hiyo peke yake haisemi kitu. Kanuni za ukaguzi huhesabu upungufu dhidi ya unene wa asili, na kwa kawaida bamba lililopoteza kati ya asilimia 20 na 25 hubadilishwa. Sasa, kama bamba hili lilianza na milimita 8, limepoteza asilimia 12.5 na lina miaka mingi mbele yake. Kama lilianza na milimita 10, limepoteza asilimia 30 na lilipaswa kuondoka jana. Bamba lilelile, kipimo kilekile, hukumu mbili. Kinachoamua ni karatasi inayosema lilianza na ngapi, na kama ni la 1913, la 1927, au la kiraka kilichobandikwa juzi.

Viraka ni balaa la peke yake. Bamba jipya likichomelewa juu ya bamba bovu, kifaa kinaweza kusoma lile la juu tu na kuripoti chuma kizima. Kati ya mabamba mawili maji huingia na kukaa, kutu inakula mahali pasipoonekana, na meli inazidi uzito. Anayejua kiraka kiko wapi atakifungua. Asiyejua atakipaka rangi na kusonga mbele.

Kisha kuna ribiti. Liemba haikuchomelewa, ilishonwa kwa ribiti kama meli zote za wakati wake. Ribiti hutiwa moto hadi inapowiva nyekundu, hupitishwa kwenye tundu, hushikiliwa upande mmoja na kupigwa nyundo upande wa pili. Ikipoa husinyaa, na kule kusinyaa ndiko kunakobana mabamba mawili. Baada ya hapo kingo za bamba hupigwa kalafati kwa patasi butu ili chuma kifumbe mshono. Nguvu ya mshono wote iko kwenye huo mkazo. Fundi anayejua kuchomelea tu, akikuta ribiti inavuja, huizungushia moto. Ile moja inaziba. Joto linalegeza jirani zake, na wiki ya pili zinavuja mbili. Akizichomelea hizo, zinavuja nne. Mabaharia wa zamani husema uvujaji wa ribiti haufi, unahama.

Utaratibu unaofaa unajulikana. Kwanza hukatwa sampuli ndogo ya chuma cha zamani na kupelekwa maabara, kwa sababu chuma cha mwanzoni mwa karne iliyopita huweza kuwa na salfa na fosforasi nyingi, na chuma cha namna hiyo hupasuka kandokando ya mshono wa moto. Majibu ndiyo yanayoamua aina ya vijiti vya kuchomelea, na kwa kawaida huwa vile vyenye hidrojeni kidogo, vinavyokaushwa kwenye tanuri kabla ya kutumika. Pili, bamba linalobadilishwa huachanishwa na majirani kwa kutoa ribiti za safu za karibu, ili moto usizivute. Tatu, mshono wa moto humalizwa, hupoa, ndipo ribiti zinarudishwa au zinawekwa bolti zinazobana sawasawa na tundu. Nne, tangi hujazwa maji au mshono hupigwa maji ya mpira kwa nguvu, na mkaguzi husimama upande wa ndani na tochi. Ruka hatua yoyote kati ya hizo na Ziwa Tanganyika litaikumbuka.

Tuongeze jambo dogo ambalo limewagharimu wengi ziwani. Vipande vya zinki vinavyofungwa chini ya maji ili viliwe na kutu badala ya bamba vimetengenezwa kwa ajili ya bahari. Kwenye maji yasiyo na chumvi zinki hujifunika ngozi na kuacha kazi. Kinachofaa ni magnesiamu. Zinki ambayo haijaliwa baada ya miaka miwili haimaanishi meli iko salama. Maana yake ni kwamba bamba ndilo lililoliwa.

Na shafti: ulinganifu wake na injini usipimwe meli ikiwa juu ya chelezo (mahali inapopandishwa kutengenezwa) pekee. Mwili wa meli hukaa kwa umbo moja kwenye magogo na kwa umbo jingine majini, hasa mwili mrefu wa karibu mita 70. Kipimo cha mwisho huchukuliwa ikielea.

3. Uzito uliohama na watu wanaohama

Boila zilizojaa maji na injini za mvuke ni mizigo mizito, nayo ilikaa chini kabisa ya meli. Dizeli ni nyepesi. Uzito wa chini ukiondoka, kitovu cha uzito cha meli hupanda, isipokuwa farumi (uzito wa kuituliza meli) iwekwe kufidia. Iliwekwa? Tani ngapi, na ziko taruma la ngapi? Tena tangu hapo vyumba vimeongezwa, rangi imepakwa juu ya rangi, viti na matangi yamehamishwa. Kanuni za kimataifa za meli za abiria zinataka jaribio la uthabiti lirudiwe pale uzito mtupu wa meli unapotofautiana na ule wa mwanzo kwa zaidi ya asilimia 2. Ili kujua tofauti lazima ujue ule wa mwanzo. Tunarudi palepale kwenye daftari.

Jaribio lenyewe halihitaji mitambo ya ajabu. Meli hufungwa kwa kamba zilizolegea siku isiyo na upepo, matangi yakiwa yamejaa kabisa au matupu kabisa ili maji yasicheze ndani, na watu wote wasiohusika washuke. Vyuma vya uzito unaojulikana husogezwa kutoka upande mmoja wa sitaha hadi mwingine kwa umbali uliopimwa, na timazi ndefu iliyoning'inizwa ndani ya ngama (sehemu ya chini ndani ya meli) huonyesha meli imelala kiasi gani. Hesabu inayobaki ni ya darasani.

Kwa nini Liemba kuliko meli nyingine? Kwa sababu ya namna inavyopakia. Vituo vingi vya mwambao wa Tanganyika havina gati inayoweza kuipokea. Meli husimama mbali, mitumbwi na boti huja ubavuni, na watu pamoja na magunia, kuku na masufuria hupita kwenye mlango mmoja. Wanaoshuka husongamana upande huo, wanaotazama husongamana upande huo, anayemtafuta shangazi yake aliye mtumbwini naye yuko upande huo. Tuchukulie watu 100 wa kilo 70 kila mmoja wamehama kwa wastani wa mita 4: hizo ni tani-mita 28. Kwenye meli ya tani 1,200 yenye nusu mita kutoka kitovu cha uzito hadi metasenta (nukta ya juu ambayo umbali wake na kitovu huonyesha nguvu ya meli kujirudisha wima), mlalo ni nyuzi zisizofika 3, na abiria hata hawatambui. Nusu mita hiyo ikipungua kuwa sentimita 20, watu walewale wataifanya ilale karibu nyuzi 7, na mlango ulio karibu na maji huanza kuwa swali. Namba hizi tumezichagua kwa mfano; namba halisi za Liemba ndizo tunazoomba.

Hatutaji haya kwa kupenda kutisha. MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mamia wakafa. MV Nyerere ilipinduka ikiikaribia gati ya Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ikiwa na watu wengi kupita uwezo wake wa abiria 101. Walikufa zaidi ya 220. Tume zimekwishaundwa vya kutosha.

4. Meli za vita zilizogeuka feri: wenzetu walifanyaje

Tunaambiwa mara nyingi kwamba hakuna nchi inayotunza rekodi za chombo cha zamani kiasi hicho. Si kweli. Mfano mzuri ni meli za kuteremshia majeshi za Vita Kuu ya Pili, zile ambazo omo yake (sehemu ya mbele) hufunguka milango miwili na kushusha daraja mchangani.

Chimbuko lake ni ziwani. Waingereza walichukua meli za mafuta zenye kina kifupi zilizojengwa kwa ajili ya Ziwa Maracaibo, Venezuela, wakazikata omo na kuzitia mlango. Mojawapo, Bachaquero, ilitumika Mei 1942 katika kuivamia Madagaska, kisiwa ambacho miezi michache baadaye askari wa Afrika Mashariki nao walipigana. Kutokana na jaribio hilo Marekani ilijenga meli 1,051 za aina moja, zenye urefu wa mita 100. Ujanja wake ulikuwa kwenye farumi: baharini matangi hujazwa ili meli izame na kutulia; ikikaribia ufuo maji hupampiwa nje hadi omo ihitaji kina cha kama mita 1.2 tu na tezi (sehemu ya nyuma) kama mita 3, mteremko unaolingana na wa mchanga. Njiani kuelekea ufuoni huangusha nanga ya tezi, na ikimaliza kushusha hujivuta nje kwa waya wa nanga hiyohiyo.

Vita vilipokwisha, nyingi zilikwenda kwenye chuma chakavu. Baadhi zikawa feri. Septemba 1946 kampuni moja ya Uingereza ilianza kuvusha magari kutoka Tilbury kwenda Rotterdam kwa meli za namna hii zilizokodiwa serikalini. Huko Marekani, LST-393 (LST ni kifupi cha Kiingereza cha meli hizi za kuteremshia majeshi), iliyokuwa Sisilia na Normandia, ilibeba magari mapya kuvuka Ziwa Michigan kwa jina la Highway 16, na leo ni makumbusho mjini Muskegon. LST-510 ndiyo inayofanana zaidi na Liemba yetu. Ilijengwa Jeffersonville, kando ya mto Ohio. Ikaanza utumishi Januari 1944. Ikawa Normandia Juni mwaka huo. Baada ya jeshi ikavusha magari kwenye ghuba ya Chesapeake hadi daraja lilipofunguliwa 1964, ikahamia Cape May na Lewes, na tangu miaka ya 1980 ikaendelea kuvusha abiria na magari kati ya New London na Orient Point kwa jina la Cape Henlopen. Majina yake yote, bandari zake zote, mwaka wa kila mabadiliko: msomaji yeyote anavipata kwa nusu saa. Liemba iliizidi meli hiyo umri kwa miaka 29, nayo haina hata orodha ya matengenezo.

Kuna funzo jingine humo, la kiutendaji, na tunalisema ingawa linatutoa kidogo nje ya hoja. Ziwa letu hupanda na kushuka. Mwaka 2020 na 2021 lilipanda hadi kufunika nyumba na gati pande zote za mwambao. Bandari mpya zimejengwa, Karema ikiwamo, na tunashukuru kwa dhati. Lakini gati ya zege ina kimo kimoja, na vijiji ni vingi. Mkifikia kuagiza chombo kipya cha kufanya kazi sambamba na Liemba, agizeni chenye mlango wa omo na matangi ya farumi, kiweze kugusa mchanga Kalya au Wampembe bila mtumbwi katikati. Mama mjamzito anayerushwa kutoka mlango wa meli hadi mtumbwini usiku wa mawimbi hana habari na umri wa meli.

5. Majibu tunayoyatarajia

"Nyaraka zimepotea." Zilizo hapa huenda zimepotea, za kwingine hazijaulizwa. Kiwanda cha Papenburg kipo hadi leo kikijenga meli za kitalii. Uingereza ina hifadhi ya nyaraka za utawala wa Tanganyika. Denmark ilitoa fedha za 1993, na mtoa fedha hutunza ripoti. Barua tatu, stempu tatu.

"Mkandarasi ni mtaalamu, atajua mwenyewe." Mtaalamu wa meli za kuchomelea ni mtaalamu wa meli za kuchomelea. Muulizeni amepiga ribiti ngapi. Jibu lake, liwe lolote, liandikwe.

"Mkataba una mambo ya siri." Bei na faida ya mkandarasi vibaki siri mkitaka. Unene wa bamba la meli ya umma, itakayobeba watoto wetu, si siri ya biashara.

"Hakuna fedha." Kupima unene mahali mia kadhaa, kuchora ramani ya mabamba na kuwahoji mafundi wastaafu waliobaki ni sehemu ndogo sana ya gharama ya kubadilisha bamba lisilohitaji kubadilishwa. Na wastaafu hao hawasubiri bajeti. Aliyekuwa kijana wa karakana wakati boila zinatolewa leo ni mzee wa miaka sabini na kitu.

"Ni meli ya wakoloni, tunaitunzia nini?" Hili tumeambiwa uso kwa uso. Imetumikia Tanzania huru kwa miaka mingi kuliko ilivyowatumikia Wajerumani na Waingereza kwa pamoja.

6. Tunachoomba

Tunaomba, ndani ya siku 60 tangu barua hii, yafuatayo:

(a) Kukata na kuchomelea kwenye mwili wa meli chini ya mstari wa maji kusimame hadi ramani ya mabamba itakapokamilika. Ramani hiyo ionyeshe kila bamba kwa namba, unene wake wa leo kwenye sehemu zisizopungua tano, mwaka unaokadiriwa kuwekwa, na viraka vyote.

(b) Ateuliwe mtu mmoja, kwa jina na cheo, mwenye jukumu la daftari la utumishi. Kamati tunazijua.

(c) Ziandikwe barua rasmi Ujerumani, Uingereza na Denmark kuomba nakala za michoro na ripoti.

(d) Vipande vyote vinavyotolewa vipigwe picha na kuandikwa mahali vilikotoka kabla ya kuuzwa kama chuma chakavu. Ribiti kadhaa na kipande cha bamba la 1913 vibaki Kigoma.

(e) Jaribio la uthabiti lifanyike mwisho wa kazi, mbele ya wakaguzi huru, na matokeo yabandikwe melini mahali abiria anaposoma: uzito mtupu, idadi ya juu ya watu kwa kila sitaha, na idadi ya juu ya watu wanaoruhusiwa kusimama upande wa mlango wakati wa kupakia kutoka mitumbwini. Hilo la mwisho lisimamiwe na serahangi (msimamizi wa mabaharia), kwa kamba na filimbi.

(f) Mafundi wasiopungua wanne wa hapa wafundishwe kupiga ribiti na kalafati ya chuma wakati kazi inaendelea. Mkandarasi akiondoka na ujuzi wake, ribiti ya kwanza itakayovuja itakutana na kijana mwenye mashine ya kuchomelea.

Tuko tayari kuja ofisini, chelezoni au popote mtakapotuita, tukiwa na picha, vipimo na orodha ya maswali 43 tuliyokwisha kuyaandika taruma kwa taruma. Nakala ya maswali hayo tumeiacha masijala pamoja na barua hii, na safari hii tumeomba tuandikiwe jina la aliyeipokea.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mafundi wa meli, mabaharia wastaafu na wafuatiliaji wa historia ya Ziwa Tanganyika,
Kigoma